Barua kwa Wambui: Nakuomba Uwachukue Wawili

Gede,
Jumapili jioni.

Mpendwa rafiki yangu Wambui,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba Ciku na Ciku mwenyewe, pamoja na nyanya ambaye natumai goti lake limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Mvua imenyesha kwa wakati wake, Bi. Saumu amerudi kutoka kwa mwanawe, na Mzee Karisa angali anauliza ni lini utakuja kumaliza ule mjadala mliouacha katikati. Mengine nitakuandikia siku nyingine, kwa maana ombi lako limenikaa moyoni, na nimeona si jambo la kujibiwa kwa maneno mawili ya simu.

Umeniomba mtoto mmoja wa paka wangu Mrihi, tena umemchagua kabisa: yule dume mwenye mabaka yaliyojikunja ubavuni, uliyemwona katika picha. Umetaka umpate kabla shule hazijafunguliwa ili Ciku apate kumzoea. Jibu langu ni kwamba utampata, na kwa moyo mkunjufu, lakini nakuomba mambo mawili. La kwanza, umsubiri hadi atimize wiki 14. La pili, umchukue pamoja na dada yake, yule mwenye mistari myembamba ambaye katika picha alikuwa amejificha nyuma ya mama yake na ambaye nadhani hukumtazama mara mbili. Nikueleze kwa kirefu kwa nini nasema hivyo, nawe nakusihi usome hadi mwisho kabla ya kukataa.

Uliuliza kama ni kweli kwamba Mrihi ni paka wa Sokoke, wale wanaosifiwa huko ng'ambo. Nataka nikujibu kwa uangalifu, kwa sababu siku hizi jina hilo linabandikwa kwa kila paka mwenye mistari anayezaliwa kati ya Kilifi na Malindi. Paka wa Sokoke, kwa maana ya aina inayotambuliwa na vyama vya wafugaji, ni yule mwenye maandishi ya ukoo yanayowataja wazazi wake na mababu zake. Mrihi hana karatasi hizo. Alitokea upande wa msitu akiwa bado mdogo, akafanya makao chini ya ghala letu, na hakuondoka tena. Mimi husema kwamba ni paka wa huku kwetu mwenye sura ile na tabia ile, wa jamii ambayo Wagiriama waliijua na kuiita kadzonzo kabla ya mgeni yeyote kumwelekezea kamera. Majirani zako wakikuuliza, tafadhali uwaambie hivyo hivyo, wala usimwongezee cheo.

Historia ya aina yenyewe ni fupi. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba karibu na Watamu, alikuta shambani mwake watoto wa paka wenye mabaka ambayo hakuwahi kuyaona kwa paka mwingine, akawalea na kuwazalisha. Rafiki yake Gloria Møldrup akapeleka baadhi yao Denmark katika miaka ya 1980, wakaonyeshwa huko, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la vyama vya paka liitwalo FIFe likaitambua rasmi aina hiyo kwa jina la msitu wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walichukuliwa kutoka huku ili kuongeza damu mpya, kwa kuwa wale wa mwanzo walikuwa wachache mno na uzao wao ulikuwa wa ndugu kwa ndugu. Hata leo ni miongoni mwa aina adimu sana za paka duniani. Huniuma kidogo kwamba mtu wa Ulaya humtambua mara moja anapomwona, ilhali sisi tunaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tunampita bila kumtupia jicho.

Wengi hudhani kwamba ni paka mwitu aliyefugwa, au chotara wa paka wa porini. Sivyo. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni paka wa nyumbani, na vinamweka karibu na paka wa upande wa Asia. Mimi sikushangaa niliposoma hivyo, kwa kuwa pwani hii ilipokea majahazi ya kaskazi kutoka Asia kwa karne nyingi, na jahazi lenye shehena ya nafaka halikosi panya, wala lenye panya halikosi paka. Kwa hiyo usiogope kwamba utaingiza mnyama wa porini katika nyumba yenye mtoto. Ni paka wa nyumbani, ila msitu umemnoa macho na miguu.

Sasa sura. Nimempa jina la Mrihi kwa sababu hupenda kulala juu ya tawi la mrihi lililoinama karibu na kisima, na mara kadhaa nimesimama chini yake nikimwita, nikimtafuta kwa macho, naye yuko juu ya kichwa changu akinitazama. Rangi ya mwili ni kahawia ya mchanga wenye unyevu, na juu yake kuna mabaka mapana meusi yanayojikunja ubavuni hadi kufanya duara. Lakini siri ya kujificha kwake haiko katika mabaka hayo peke yake. Unyoya wake mmoja ulinasa kwenye leso yangu nami nikauelekeza dirishani: chini ulikuwa hafifu, kisha ukafuata mweusi, kisha wa rangi ya mchanga, kisha ncha nyeusi. Paka wengine wa mabaka huwa na weusi mtupu ndani ya baka. Yeye, hata katikati ya baka jeusi, kuna manyoya yenye vipande hivi vya rangi mbili, na kwa hiyo ukingo wa baka hauonekani vizuri na mwili mzima unakuwa kama gome la mti lililopigwa na kivuli cha majani. Ncha ya mkia peke yake ndiyo nyeusi ti.

Mwili ni mrefu na mwembamba, wenye misuli ambayo huioni mpaka umshike. Kichwa ni kidogo, masikio yamesimama wima, na macho yana rangi ya kaharabu inayoelekea kijani. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na hiyo ndiyo sababu ya ule mwendo wake ambao Ciku aliuona katika video akauliza kama ana maumivu. Mwambie hana maumivu yoyote. Hutembea hivyo, amejiinua nyuma, kana kwamba anakanyaga kwa vidole tu, na akitaka kuruka huonekana sababu ya kuumbwa kwa miguu ile.

Kuhusu watoto wenyewe, wamezaliwa wanne, wawili wana mabaka ya mama na wawili wana mistari myembamba iliyosimama. Mwalimu Charo alipowaona alisema hao wa mistari wamezaliwa na baba mwingine. Inawezekana, kwa kuwa paka jike huweza kupata watoto wa madume tofauti katika uzazi mmoja, lakini si lazima. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mabaka hayo makubwa hutokana na mabadiliko katika jeni moja, na kwamba mtoto hayapati mpaka arithi mabadiliko hayo kutoka kwa wazazi wote wawili. Dume anayekuja hapa usiku ana mistari, lakini akiwa ameyabeba mabadiliko hayo kwa upande mmoja, nusu ya watoto kutoka na mabaka na nusu na mistari ni jambo la kutarajiwa kabisa. Na utafurahi kujua, wewe unayewapenda wanyama wa mbuga, kwamba jeni hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wale duma wa nadra wa kusini mwa Afrika kuwa na mabaka makubwa na mistari mipana mgongoni badala ya madoa madogo.

Nimekueleza hayo ili usimdharau yule dada. Hana mabaka, na katika maonyesho ya wafugaji asingepewa hata nafasi ya kusimama, lakini ni mtoto wa mama yule yule, ana mwendo ule ule, masikio yale yale, na zaidi ya yote tabia ile ile. Wambui, sura ndiyo iliyokuvuta, nami sikulaumu, lakini utakayeishi naye kwa miaka 15, Mungu akipenda, ni tabia.

Na tabia yenyewe ni hii. Paka wengi niliowafuga walikuwa wapole kwa kadiri ya chakula unachowapa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mrihi si hivyo. Yeye hushikamana. Hanipandii mapajani, usitarajie hilo, lakini nikiwa jikoni yuko kizingitini, nikiwa shambani yuko kwenye kichuguu kilicho karibu, na nikiinuka huinuka. Huongea, tena sana, kwa sauti ndogo ya kuulizauliza, na ukimjibu anajibu. Siku niliyopata habari za marehemu shangazi, alikaa mlangoni mwa chumba changu usiku kucha bila kulia hata mara moja, jambo ambalo si kawaida yake. Wafugaji wa aina hii wanasimulia hayo hayo: kwamba paka hawa hufungamana na watu wao na hufungamana wao kwa wao, kwamba mama hukawia kuwaachisha watoto ziwa, na kwamba baba huweza kukaa karibu na watoto bila kuwadhuru. Hilo la mwisho nimelishuhudia mwenyewe, maana dume wetu wa usiku hulala kando ya kikapu na watoto humng'ata mkia, naye huvumilia.

Nikupe na tukio lililonifanya niandike barua hii badala ya kukubali tu ulivyoomba. Nilimpeleka yule dume mdogo peke yake kwa daktari wa mifugo kule Malindi, kwa sababu jicho lake lilikuwa linatoa machozi. Hatukukawia, tuliondoka asubuhi tukarudi alasiri. Nyumbani waliniambia kwamba wale wengine wawili waliendelea kucheza na kula kama kawaida, lakini yule dada wa mistari alikwenda hadi langoni, akakaa hapo, na hakugusa dagaa aliowekewa. Kaka yake alikuwa amelia njia nzima ndani ya boksi, si kilio cha kuogopa gari, kwa maana gari liliposimama aliendelea. Nilipomweka chini, dada alimnusa kuanzia pua hadi ncha ya mkia, akaanza kumlamba jicho lile lililotiwa dawa hadi nikalazimika kumwondoa, kisha ndipo wote wawili wakaenda kula. Tangu hapo nimewatazama kwa makini. Wanalala wakiwa wamekunjana, na mmoja akipanda, mwingine hungoja chini ya mti. Siwezi kumtenga huyu na yule nikasema nimekupa zawadi njema.

Kuna mtu alifika hapa na gari zuri akataka kumnunua Mrihi na watoto wote, ili wawekwe mahali wageni wanapopokelewa, wapigwe picha. Alisema kwamba ni mapambo ya asili. Nilimpa maji ya kunywa kwa heshima na nikamwambia hapana. Bado nakasirika nikikumbuka neno hilo, mapambo, kwa mnyama anayejua hatua zako kabla hujafungua mlango.

Sasa kuna jambo la baridi, na hili linanipa wasiwasi wa kweli. Manyoya ya paka hawa ni mafupi na yamelala juu ya ngozi, wala hawana yale manyoya laini ya ndani yanayowakinga paka wengine. Ukimpitishia mkono kinyume, unaona ngozi mara moja. Wameumbwa kwa joto la pwani, nanyi mko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mimi sijasahau ule mwezi wa Julai niliokaa kwako nikilala na soksi na sweta. Hawawezi kulala nje kwenye boma, wala jikoni baada ya moto kuzimwa. Wanahitaji mahali pa ndani pasipo na upepo, boksi lenye blanketi ya sufu lililoinuliwa kutoka sakafuni, na dirisha la kuota jua asubuhi. Hapa tena nakurudisha kwa yule dada: wawili hupeana joto, na mmoja peke yake usiku wa Limuru atakuwa anatetemeka na kulia, na Ciku hatalala, na wewe hutalala.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa wewe si mgeni wa wanyama. Nitawachanja hapa chanjo ya mafua ya paka pamoja na ile ya kuhara kubaya kunakoua watoto wa paka, na wakitimiza miezi mitatu nitawachanja ile ya kichaa cha mbwa, kadi zao utazipata. Inasemwa kwamba paka wa jamii hii, kwa kuwa waliishi kwa muda mrefu mbali na paka wengine, hawana kinga kubwa dhidi ya magonjwa ya kawaida, kwa hiyo usiwachanganye na paka wa jirani mwanzoni. Kwa kuwa ni kaka na dada, wahasiwe wote wawili kabla hawajafikisha miezi mitano, nami nitachangia gharama, hilo usibishane nami. Najua maziwa ya ng'ombe yamejaa kwenu, lakini paka aliyeachishwa ziwa mara nyingi huharishwa nayo, basi uwape maji safi, nyama na dagaa, na mchuzi wenye kitunguu usiwape kamwe. Na yale maua ya yungiyungi (lily) ambayo nyanya ameyapanda kando ya baraza, nasikitika kusema kwamba ni sumu kali kwa figo za paka, hata chavua yake tu iliyonasa kwenye manyoya anayojilamba. Mwombe kwa upole ayahamishe, au umweleze mimi ndiye niliyeomba.

Narudi kwa lile la kusubiri. Wiki nane, kama ulivyopendekeza, zinawatosha paka wengine kwa shida, lakini hawa hunyonya kwa muda mrefu na hujifunza mengi kwa mama. Juzi nilimwona Mrihi akiwaletea panzi aliye hai, akamwachia mbele yao, akakaa pembeni bila kusaidia, akiwatazama wanavyomkosa. Dume wako aliruka akamkosa kabisa. Dada yake ndiye aliyemkamata, naye akamwachia kaka yake. Masomo kama hayo hayapatikani kwenye sebule yako, rafiki yangu, hata iwe nzuri namna gani. Waache wamalize kwa mama yao, ndipo waje.

Kusafiri kwao kusikutie shaka. Mwalimu Charo anakwenda Nairobi kwa gari lake mwishoni mwa likizo, ameahidi kuwabeba na kusimama njiani wapate maji, na mkewe atakuwa nyuma pamoja nao. Majina sijawapa, nimemwachia Ciku.

Sasa nijibu haya yote, wala usinijibu moja ukaacha mengine. Je, Baba Ciku amekubali paka walale ndani, au alikubali tu kwa kudhani watakuwa ghalani? Yule mbwa wenu mkubwa bado yupo, na je, amewahi kukaa na paka? Kuna mtu nyumbani mchana Ciku akiwa shule, ama nyanya bado anashinda kwa dada yako? Madirisha ya juu yana wavu, maana hawa watapanda hadi juu ya kabati siku ya kwanza? Na ukiyasoma yote haya ukaona kwamba wawili ni wengi mno kwa sasa, utaniambia waziwazi? Sitakasirika hata kidogo, nitawaweka hapa wote wawili na urafiki wetu utabaki palepale, ila mmoja peke yake sitamtoa.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Mwalimu Charo anataka kujua mapema kama aache nafasi ya kikapu kikubwa garini, nami nimpeleke Bi. Saumu sokoni tukanunue blanketi.

Wako akupendaye,
Riziki